Bahasha ya Khaki: Uchambuzi wa Kisa cha Kilebu wa Nasaba na Nyonga Zake

Mwezi Machi 2022 shemeji yangu, mwalimu mstaafu anayeishi Ngong, alinunua mtoto wa mbwa aina ya German Shepherd kwa shilingi 45,000 za Kenya. Kilebu huyo alikuwa na umri wa wiki 9, miguu minene, sikio moja limesimama na jingine bado limelala, na pamoja naye ilikuja bahasha ya khaki ambayo mfugaji aliikabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu ambayo hakuitumia alipomkabidhi mbwa mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na cheti cha nasaba, kadi ya chanjo, na nakala ya hati ya Kijerumani ya dume aliyezaa uzao ule, mbwa aliyeletwa kwa ndege kutoka Ujerumani. Shemeji aliiweka bahasha katika droo moja na hati ya kiwanja, na hakuifungua tena hadi mwezi Novemba, mbwa alipokuwa hawezi kupanda ngazi tatu za baraza.

Niliitwa kusaidia kuandika barua ya kudai fedha zirudishwe. Mimi si daktari wa mifugo. Nimefuga mbwa wa aina hii kwa miaka mingi na ninasoma Kijerumani cha kubahatisha, na sifa hizo mbili ndizo zilizoniingiza katika shauri hili. Barua haikuandikwa kama ilivyokusudiwa, kwa sababu nilipoomba kuiona bahasha niligundua kwamba sehemu kubwa ya jibu ilikuwamo humo tangu siku ya kwanza, kwa lugha ambayo muuzaji hakuisoma na mnunuzi hakuulizia. Pande zote mbili zimeniruhusu kukieleza kisa hiki mradi nisitaje majina.

Dalili za kwanza zilionekana mwezi Agosti, mbwa akiwa na miezi 7, na zilichekwa. Alipokimbia uani alirusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja kama sungura, na wajukuu wakampa jina la sungura. Kisha akaanza kuchelewa kuinuka asubuhi, akaacha kurukia nyuma ya gari la kubebea mizigo, na akitembea alionekana kuyumba kiunoni kama mtu aliyevaa viatu vya kukopa. Daktari wa mifugo alimlaza kwa dawa, akamgeuza chali, akalisukuma goti kuelekea nyonga huku akilifungua paja taratibu, na kiungo kikagonga kwa mdundo ambao hata shemeji aliyekuwa amesimama kando aliuhisi meza ilipotikisika. Uchunguzi huo wa mkono unaitwa kwa jina la Ortolani, daktari wa watoto wa Italia aliyeutumia kwa watoto wachanga wa binadamu, na mdundo huo ni wa kichwa cha mfupa wa paja kinachorudi katika kikombe chake baada ya kuteleza nje.

Picha za eksirei zilizofuata zilithibitisha displasia ya nyonga, yaani kichwa cha mfupa wa paja kutokaa sawasawa katika kikombe chake, pande zote mbili. Upande wa kushoto karibu nusu ya kichwa cha mfupa ilikuwa nje ya kikombe, na kikombe chenyewe kilikuwa kifupi kama kisosi. Daktari alipima pembe ya Norberg, ambayo hupatikana kwa kuunganisha vitovu vya vichwa viwili vya mapaja kwa mstari mmoja, kisha kuvuta mstari wa pili kutoka kitovu hadi ukingo wa mbele wa kikombe. Nyonga inayokaa vizuri hutoa nyuzi 105 au zaidi. Mbwa huyu alipata 88 kushoto na 94 kulia.

Ni lazima kueleza jinsi hali hii inavyojengeka, kwa kuwa mgogoro wote ulisimama juu ya jambo hilo. Kilebu hazaliwi na nyonga mbovu. Wakati wa kuzaliwa, kikombe na kichwa cha mfupa hufanana na vya kilebu mwingine yeyote. Kinachotofautiana ni kulegea kwa kano na mfuko unaokizunguka kiungo katika wiki na miezi inayofuata. Kichwa na kikombe hufinyangana vikiwa bado gegedu laini, kila kimoja kikimpa mwenzake umbo, na kichwa kinapocheza badala ya kutulia, kikombe hukua kikiwa bapa, kingo husagika, na baadaye mwili hujaribu kukituliza kiungo kwa kuota mifupa pembeni. Ndiyo maana mbwa wengi huumwa mara mbili: kwanza katika mwaka wa kwanza kwa sababu ya kulegea, kisha baada ya miaka kadhaa kwa sababu ya uchakavu, na katikati huweza kuwapo kipindi cha nafuu kinachomdanganya mwenye mbwa kuwa kijana wake amepona.

Shemeji alipompigia simu mfugaji, jibu lilikuwa la upole lakini lilikuwa limejiandaa. “Mwalimu,” alisema, “baba yao alipata A kule kule Ujerumani. Mimi nilikuuzia mifupa safi. Kilichotokea kimetokea kwako.” Kisha akataja mambo mawili: kwamba mbwa alilishwa kupita kiasi, na kwamba alilelewa juu ya vigae vinavyoteleza. Madai hayo matatu yanastahili kupimwa moja moja, kwa sababu hakuna hata moja lililokuwa uongo mtupu, na ukweli nusu ndio uliomsumbua shemeji kuliko uongo.

Tuanze na herufi. Chama cha Ujerumani cha mbwa hawa, Verein für Deutsche Schäferhunde, kilichoanzishwa mwaka 1899 na Max von Stephanitz, huweka katika hati ya mbwa aliyepigwa picha za nyonga muhuri wenye herufi ndogo ya “a”. Muhuri huo si alama ya daraja la kwanza. Ni kibali cha kuzalisha, na ndani yake mna ngazi tatu: ya kwanza ni nyonga za kawaida, ya pili ni karibu na kawaida, na ya tatu huandikwa “noch zugelassen”, yaani bado anaruhusiwa. Katika mizani ya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, ambalo hutumia herufi kubwa kutoka A hadi E, ngazi hizo tatu hulingana na A, B na C, na C katika mizani hiyo tayari ni displasia nyepesi. Nakala iliyokuwa katika bahasha ya shemeji ilikuwa na maneno mawili baada ya herufi ile, na maneno hayo yalikuwa “noch zugelassen”.

Ninakiri nilikaa kimya kwa muda nikiitazama karatasi ile. Mfugaji hakuwa ameghushi chochote. Alikuwa ametoa hati halisi, ya chama halisi, ya mbwa halisi, na kwa miaka mitatu alikuwa akiwaonyesha wateja herufi moja bila kujua kwamba maneno yaliyoifuata yalikuwa yanamtolea ushahidi dhidi yake. Dume aliyesifiwa kwa nyonga zake alikuwa amepita mlangoni kwa kuinamisha kichwa. Nilipomsomea kwa simu maneno hayo na maana yake, aliniomba nirudie mara mbili, kisha akauliza kama labda si kosa la uchapaji.

Hata hivyo, dume si kiini cha kisa hiki. Kiini ni jike, ambaye katika bahasha nzima alikuwa na jina, namba, rangi na mababu, bila neno lolote kuhusu nyonga zake. Alikuwa amezaa mara tatu na hakuwahi kupigwa picha. Mfugaji alieleza kwamba alihofia kumlaza kwa dawa, kwa kuwa picha hizo hudai mbwa alale chali bila kujikunja, miguu ya nyuma imenyooshwa sambamba na magoti yameelekezwa juu, mkao ambao mbwa aliye macho hakubali kuukaa. Hofu hiyo ninaielewa, ingawa ninaona ajabu kwamba haikumzuia kumzalisha mara tatu. Displasia ya nyonga hairithiwi kwa jeni moja ambayo mbwa anayo au hana; ni jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na kilebu huchukua nusu ya urithi wake kwa mama. Kununua kwa kuona nyonga za baba peke yake ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia ambalo limetobolewa tundu upande mmoja.

Sasa dai la chakula, ambalo kwa haki ni lazima nimpe mfugaji sehemu ya ushindi. Shemeji alimlisha mbwa wake kama anavyolisha wageni: ugali na dagaa mara tatu kwa siku, maziwa, na juu yake unga wa mifupa ambao jirani alimwambia huimarisha miguu. Akiwa na miezi 10 mbwa alikuwa na kilo 38. Kilebu wa mbwa mkubwa akikua upesi mno huulemea mfupa usiokomaa, na kalisi ya ziada humvuruga mfupa badala ya kuuimarisha. Jaribio linalojulikana sana lilifanywa Marekani kwa Labrador Retriever 48, ndugu wa uzao mmoja wakipangwa wawili wawili, mmoja akila chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake. Waliokula kidogo walikuwa na nyonga bora zaidi, uchakavu wa viungo uliwachelewa, na umri wao wa kati ulifika miaka 13 wakati wenzao waliishia miaka 11 na ushei. Urithi wao ulikaribiana na mabakuli yao yalitofautiana, kwa hiyo hakuna awezaye kusema lishe haina neno.

Lakini lishe haimchukui mbwa mwenye nyonga imara na kumpa pembe ya nyuzi 88. Huongeza uzito juu ya kiungo kilichokwisha kulegea. Daktari alisema hivyo kwa lugha laini zaidi mbele ya shemeji, na nadhani alifanya vizuri kulainisha, kwa maana mama wa watu alikuwa tayari anajilaumu kwa kila kijiko cha unga wa mifupa.

Dai la vigae lilimgeukia aliyelitoa. Utafiti uliofanyika Norway kwa vilebu wa aina nne kubwa, Newfoundland, Labrador Retriever, Leonberger na Irish Wolfhound, ulionyesha kwamba kupanda na kushuka ngazi kila siku tangu kuzaliwa hadi miezi 3 kuliongeza uwezekano wa displasia, na kwamba kuachwa huru kutembea nje juu ya ardhi laini katika kipindi hicho hicho kuliupunguza. Kipindi chenyewe ndicho kinachostahili kutazamwa. Kilebu wa shemeji aliishi wiki 9 za mwanzo katika banda la mfugaji, lenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa hadi kung'aa na ngazi za kushukia uani, na wiki nne tu za miezi hiyo mitatu ndizo alizoishi juu ya vigae vya Ngong. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ila katika shauri hili mlezi wa kwanza alikuwa muuzaji.

Hapo ndipo thamani ya uchunguzi wa nyonga inapoonekana, na pia mipaka yake. Mnunuzi aliyesimama mbele ya kapu la vilebu wa wiki 8 hana kipimo chochote cha kumchagua mwenye nyonga njema. Hata njia ya PennHIP, iliyotokana na kazi ya Gail Smith katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambayo hupima moja kwa moja kiasi cha kulegea, huanza kutumika mbwa akiwa na wiki 16. Mpango wa Uingereza, ambao hutoa alama kutoka 0 hadi 53 kwa kila nyonga, sifuri ikiwa ndiyo bora, haupokei mbwa aliye chini ya mwaka mmoja. Taasisi ya Marekani ya OFA, iliyoanzishwa 1966, haitoi cheti cha mwisho kabla ya miezi 24. Yaani wakati pesa zinapotoka mfukoni, mbwa anayenunuliwa hawezi kuulizwa chochote. Wanaoweza kujibu ni wazazi wake, na zaidi ya wazazi, ndugu wa wazazi na watoto waliotangulia, kwa sababu mbwa mwenye picha nzuri anaweza kubeba jeni mbaya ambazo kwa bahati hazikujitokeza kwake.

Kwa hiyo, swali la kama wazazi wamepimwa halitoshi, kwa kuwa mfugaji wetu angelijibu ndiyo akiwa na dhamiri safi. Lililohitajika ni swali lenye ncha: nyonga za baba na za mama, kila mmoja kwa hati yake, zilipewa daraja gani, kwa mizani ipi, na mbwa akiwa na umri gani. Kisha mnunuzi alinganishe namba ya mbwa iliyo katika hati na namba ya kidude cha utambulisho kilichopandikizwa chini ya ngozi, maana karatasi haibweki. Shemeji angeuliza hivyo mwezi Machi, angeambiwa kwamba ya mama haipo, na angekuwa na hiari ya kuondoka na shilingi zake.

Je, angepata mbwa mzima mahali pengine? Hakuna anayeweza kumhakikishia. Wazazi wawili wenye nyonga njema huzaa mara nyingine kilebu mwenye displasia, na kinyume chake pia hutokea. Ninachoweza kukitaja ni kilichotokea pale uchunguzi ulipofanywa kwa ukaidi, kizazi baada ya kizazi. Taasisi ya Seeing Eye, inayofunza mbwa wa kuwaongoza wasioona huko Morristown, New Jersey, iliwachagua wazazi kwa kuzingatia nyonga, na katika vizazi visivyozidi vitano German Shepherd wake wenye displasia walishuka kutoka asilimia 55 hadi 24, na Labrador wake kutoka asilimia 30 hadi 10. Asilimia 24 bado ni mbwa mmoja kati ya wanne, jambo linalomkatisha tamaa anayetafuta uhakika. Kwangu mimi, tofauti ya 55 na 24 ni tofauti ya kucheza kamari na kununua.

Kuna hasara nyingine ambayo haikuonekana katika barua ya madai. Upo upasuaji mdogo wa kuliunguza gegedu la sehemu ya chini ya fupanyonga ili vikombe vikue vikikifunika vizuri zaidi kichwa cha mfupa, lakini hufaa tu kilebu akiwa bado mdogo, takribani kati ya wiki 12 na 20. Mbwa wa shemeji alipoanza kuruka kama sungura dirisha hilo lilikuwa limefungwa. Mnunuzi anayejua kwamba baba ana daraja la tatu na mama hajulikani angeweza angalau kumpeleka kilebu kwa daktari akiwa na wiki 16, kabla ya dalili yoyote. Baada ya hapo kulibaki njia nzito: kukata kichwa cha mfupa wa paja, ambako huwafaa zaidi mbwa wepesi, au kuweka nyonga ya bandia, ambayo gharama yake ilimfanya shemeji acheke kwa mara ya kwanza tangu mgogoro uanze.

Uamuzi uliochukuliwa ulikuwa wa subira. Chakula kilipunguzwa, unga wa mifupa ukatupwa, mikeka ikatandikwa juu ya vigae, na mbwa akatembezwa kwa kamba dakika chache mara kadhaa kwa siku badala ya kuachwa arukeruke. Kufikia Aprili 2023 alikuwa na kilo 31. Hutumia dawa ya maumivu siku za baridi, na Ngong haikosi siku za baridi. Anapanda ngazi za baraza, moja moja, akipumzika katikati.

Kuhusu fedha, mfugaji alirudisha nusu. Shemeji alikubali bila ubishi, kwa hoja kwamba yeye pia alikuwa na macho na hakuyatumia; mimi niliona theluthi mbili ingekuwa haki zaidi, lakini sikuwa mimi niliyeuziwa. Sharti pekee alilolisisitiza ni kwamba jike apigwe picha kabla ya kupandwa tena, na kwa gharama ya mfugaji.

Picha hizo zilipigwa Januari 2023. Jike alikuwa na miaka 5, hajawahi kuchechemea hata siku moja, na katika nyonga yake ya kulia daktari alionyesha mifupa iliyoota kuuzunguka ukingo wote wa kikombe, kazi ya miaka kadhaa. Mfugaji alimfunga uzazi mwezi huo huo. Kisha alikaa na daftari lake la wateja, kwa kuwa uzao ule ulikuwa na vilebu 8, akaanza kupiga simu. Alikuwa na namba za watu watano.